Soksi Zilizoelea na Jumamosi za Maktaba

Mpendwa Shangazi Mina,

Naomba unisaidie kabla ya mkutano wa Alhamisi ijayo, maana mke wangu ameshanipa ushauri wake nami sikuupenda.

Mimi ni mwandishi wa habari katika mji mdogo wa Michigan, gazeti letu hutoka mara moja kwa wiki na habari yake kubwa kwa kawaida ni theluji, na miaka yote ya kazi yangu nimeandika kwamba mji huu hauna kitu cha maana kuliko maktaba yake, ukiacha pai ya cheri ya pale mgahawani, nikiwaasa watu wasinung'unikie sehemu ya kodi ya majengo inayoiendesha, nao wakanisoma, wakaguna, wakalipa. Basi mwezi Machi ikaja barua ya mkadiriaji wa mji, mpanga thamani za nyumba, kusema thamani ya yangu imepanda na kodi yake itapanda nayo, na mimi, mpenda maktaba, nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto.

Machi ndio mwezi ambao bodi ya rufaa husikiliza malalamiko ya wenye nyumba, na Machi ndio mwezi theluji inapoyeyuka na maji kuingia katika kila chumba cha chini ya ardhi hapa mjini, kwangu, kwa jirani, hata kwa mchungaji. Ila mimi, mtu wa kuchunguza mambo, nilishuka na kamera nikazipiga picha soksi zangu zikielea kando ya mashine ya kufulia, kisha nikaenda maktaba, na Bi Verna, mkutubi wetu, akanionyesha sheria, akanitafutia bei za nyumba zilizouzwa mtaani, akanitolea nakala za picha zile, tena za rangi. Bodi ilizitazama soksi, ikanihurumia, ikashusha thamani ya nyumba. Hakuna aliyeniuliza kama Juni huwa pakavu, nami nikaona si kazi yangu kujibu nisichoulizwa, ingawa ni kwa jibu hilo hilo nimewasulubu madiwani wengi gazetini.

Hapo ningefunga mdomo ningekuwa mjanja mmoja tu wa kawaida, lakini nilikwenda mgahawani kujisifu. "Wewe Dirk," nikamwambia jirani yangu, "maji chini unayo, kamera unayo, unangoja nini?" Bodi ilipofunga vikao vyake nusu ya mji ilikuwa imepita mbele yake na picha za nguo zinazoelea. Thamani ya nyumba zetu ikashuka, na fungu la maktaba, ambalo hukatwa katika kodi ya nyumba hizo hizo, likashuka nayo. Kuanzia Julai maktaba haitafunguliwa Jumamosi, siku ya hadithi za watoto, na kabla ya baridi Bi Verna ataachishwa kazi, labda kura ya wananchi ya Agosti ipite na kiwango cha kodi ya maktaba kiongezwe.

Na unadhani Bi Verna amemwomba nani asimame Alhamisi mkutanoni kuwashawishi watu waipigie kura hiyo? "Wewe wanakuamini," aliniambia. Dirk naye ameshanionya: "Simama tu, mwalimu wetu. Nitanyoosha mkono niulize, soksi hazijambo?" Mke wangu Aleida anakunja nguo na kusema, "Baba Greta, waambie nyumba yetu ni kavu. Sentensi moja. Si wewe unayewafokea vijana ofisini waandike sentensi fupi?" Lakini Shangazi, mkadiriaji mwenyewe hukaa mstari wa mbele! Je, nisingizie mafua? Au niandike tahariri nzito isiyo na jina?

Wako,
Mwenye Soksi

*

Mwenye Soksi,

Pole. Mtu aliyezoea kuuliza, siku akikalishwa kiti cha kujibu, kiti humchoma. Pole yangu inaishia hapo.

Umeniandikia barua ya kuchekesha ili nikicheka nikusamehe. Nimecheka. Msamaha si wangu, ni wa Bi Verna, na yeye hujamwambia neno. Unamwacha akuombe umtetee kana kwamba hajui nani alimponza. Lakini hebu fikiri, wewe mchunguzi: zile nakala za rangi alizitoa nani? Na mjini kwenu kuna wasemaji wangapi, hata akuchague wewe?

Kukata rufaa ni haki yako, sikugombezi kwa hilo. Nakugombeza kwa kuiuzia bodi mwezi Machi kana kwamba ndio mwaka mzima, kisha kuwafundisha wenzako biashara hiyo mkinywa kahawa.

Mafua, hapana. Tahariri isiyo na jina, hapana; mji wa watu mnaojuana hadi soksi hauna mwandishi asiye na jina. Nenda kwa Bi Verna kabla ya Alhamisi umwambie kwa mdomo wako, na usimchekeshe. Habari ya mkutano mpe mwenzako aiandike. Alhamisi zungumza wa kwanza, kabla Dirk hajanyoosha mkono, ili swali lake likute limeshajibiwa. Anza na nyumba yako, si na utukufu wa vitabu. Utukufu wameusoma kwako miaka yote na bado walikimbilia kamera.

Kisha, hapo hapo mbele ya watu, mwalike mkadiriaji aje kwako Julai. Usimkaribishe sebuleni. Mteremshe ngazi, mpe kiti na kahawa kando ya mashine ya kufulia, aone mwenyewe palivyo pakavu, arekebishe thamani. Wengine wakikuiga, vizuri, maana kukuiga wanajua. Wasipokuiga, utalipa fungu lako peke yako na kura ya Agosti utaikabili ukiwa na uso.

Aleida alikupa jibu kwa sentensi moja, nawe ukaniandikia ukitafuta jingine lililo refu na laini zaidi. Sina. Nyumba yako ni kavu. Simama useme.

Shangazi Mina