Yaya, Safari Hii Nilikataa Kukandwa

Yaya Bernadeta, dada yangu mkubwa,

Ni mimi mdogo wako, yule uliyesema anakula jibini kuliko anavyoitengeneza. Nakuandikia nimesimama, daftari juu ya ua wa ng'ombe, kwa sababu kukaa sana nimekatazwa. Cheka tu. Mimi, bingwa wa kukaa!

Mwaka unakwisha tangu utuache. Ng'ombe wako wa madoa amezaa ndama mwenye tabia zako: haambiliki. Kiko chako nilikirithi, na pole, nilikivuta. Nilisema ni ukumbusho. Muuguzi akasema ni ujinga. Ukiongeza na moshi wa kuni mbichi tunazochemshia maziwa tangu utoto, mapafu yangu sasa yamechoka kama yalivyokuwa yako. Kifua kinapiga filimbi, na kilima kidogo napumzika mara tatu.

Mvua ilipoanza, kikohozi kikazidi. Unajua kwetu mgonjwa anavyopendwa: haruhusiwi hata kujichotea maji ya kunawa. Mama Furaha, mke wangu, aliniweka karibu na moto na mablanketi mawili. "Papa Furaha, usitikisike." Yaya, sijawahi kumtii hivyo! Wiki mbili uji unanifuata, maziwa yananifuata, redio inanifuata. Nikaanza kuogopa kupona.

Kisha mguu wa kushoto ukavimba. Huo mmoja tu, wa moto, unauma nyuma chini ya goti. Mama Furaha akaleta siagi ya ng'ombe iliyopashwa moto, akakunja mikono ya nguo. Hapo nikajiona mwenyewe, nimepiga magoti mbele ya mguu wako.

Maana nawe tulikukalisha hivyo hivyo. Mguu wako ulipovimba nilikukanda jioni tatu, ukinitania: "Weye unakanda sawa mwenye kusonga bugari. Pole pole, iko muntu mu hii muguu!" Tulicheka. Asubuhi ya nne uliinuka kwenda nje, ukashika kifua, na pumzi… haikurudi.

Baadaye muuguzi alinieleza kwa upole, kama mtu aliyebeba mayai. Ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, hasa unapozidi, unaifanya damu iwe rahisi kuganda. Kukaa bila kutembea kunaongeza hatari. Donge linaweza kutoka mguuni likaenda kuziba mapafu. Mguu mmoja ukivimba hivyo haukandwi. Mgonjwa anapelekwa hospitali upesi. Nikamwuliza kama ni mikono yangu iliyokuua. Akasema hakuna awezaye kujua. Na jibu hilo, Yaya, nimelala nalo mwaka mzima.

Basi siagi ilipokaribia nilipiga kelele hadi mbuzi wakakimbia. Mama Furaha alidhani nimepata wazimu. Majirani wakanibeba kwa kipoyi, machela yetu ya miti, kuteremka hadi hospitali ya Mweso, wakinilalamikia njia nzima: "Papa Furaha, hii ni mugonjwa ao ni gunia mbili ya viazi?"

Donge lilikuwepo kweli. Lilikuwa bado mguuni. Walinipiga sindano za tumboni, na muuguzi akasema kwenye tumbo langu nafasi ya kuchoma haikosekani. Sasa nameza dawa bila kuruka siku, natembea asubuhi na jioni, na majirani wananiuliza nimepoteza ng'ombe gani. Maziwa tunachemshia nje. Kiko nimekitupa chooni, usinikasirikie.

Lakini hayo yote ni kuzunguka. Nilitaka kukuambia kwamba mikono yangu haikujua, Yaya. Ilikupenda tu. Ningekuomba msamaha mbele ya watu wote, lakini najua ungenikatiza: "Acha ujinga, kunywa maziwa." Nimeyanywa.

Mama Odeta, mwenzako wa kwaya, naye anakohoa. Wanawe wamemkalisha mlangoni siku ya kumi leo, wanamlisha kama kifaranga. Kesho baada ya kukamua nakwenda kumwinua, tuzunguke nyumba yake hata mara mbili, na nitaitazama miguu yake yote miwili. Atanitukana, unamjua. Nitamwambia ni wewe umenituma. Na nakuahidi, kila mlango wenye kikohozi kwenye kilima hiki nitaupigia hodi, mradi mapafu yanifikishe.

Pumzika, Yaya. Wewe peke yako ndiwe ninayekuruhusu.

Mdogo wako, mzito kama zamani