Siku Foleni Iliponiambia Nipite

Kambi ya wajenzi wa barabara,
Jumatano, 6 Januari.

Dada mpendwa,

Pokea shikamoo yangu. Natumaini hujambo, na shemeji mgongo umeacha kumsumbua. Je, mwanangu analala vizuri? Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inalalamika kwa kusimama kutwa.

Najua unangoja jambo moja: kama nitafika kumpeleka mwanangu shule Jumatatu, siku yake ya kwanza, kama nilivyomwahidi. Soma taratibu, nitakuambia.

Kazi ni ileile ya kushika kibao. Upande mwekundu magari yanasimama, upande wa kijani yanapita. Watu wa huku ni wapole ajabu. Ukienda kununua sabuni, muuzaji atakuuliza habari za ukoo mzima kabla hajaigusa hiyo sabuni. Lakini mtu huyohuyo akishika usukani anageuka mbogo. Kuna mama mmoja wa gari la mikate, honi yake naisikia hata usingizini. "We mti, umelala? Mikate yangu itaota ukungu hapa!" Jioni anapita tena, anashusha kioo, ananipa mkate na kuniuliza kama mwanangu ameshanunuliwa viatu vya shule. Nilishamzoea.

Basi jana nilienda kukata tiketi. Gari la Ijumaa ndilo la mwisho litakalonifikisha kabla ya Jumatatu, linalofuata ni la Jumapili. Tulipanga foleni tangu alfajiri, tunacheka, tunagawana karanga kama ndugu wa tumbo moja. Dirisha lilipofunguliwa tu, undugu ukaisha. Mzee aliyenipa karanga ndiye aliyenikanyaga kidole akiniruka.

Dada, sijui nikwambieje. Mkono wangu ulipanda wenyewe, kiganja mbele, kama nilivyozoea kazini. Na watu wakasimama. Wote.

"Si yule wa kibao huyu?" mmoja akasema, wakaangua kicheko. "Basi tupange, baba, ndiyo kazi yako."

Nikawapanga. Wewe ngoja, wewe pita, mama mwenye mtoto tangulia. Kusema kweli nilinogewa, nikasahau kabisa kwamba na mimi ni msafiri na nafasi yangu nimeiacha. Nilizinduka karani aliposema imebaki tiketi moja tu ya Ijumaa. Aliyekuwa dirishani, pesa mkononi, ni yule mama wa mikate.

Aliniona nilivyonyong'onyea. "Kumbe na wewe unasafiri?"

"Jumatatu mwanangu anaanza shule."

Akanitazama kama mtu anayetafuta honi. Kisha akawageukia watu. "Jamani, huyu ametusimamisha mwaka mzima. Leo tumwambieje?"

"Pita!" Foleni nzima, dada, mpaka yule mzee wa karanga.

Mama wa mikate atasafiri Jumapili. Alisema nikirudi nisithubutu kumsimamisha tena. Nilimwahidi, ingawa sote wawili tunajua nitamsimamisha, naye atanitukana.

Kwa hiyo nakuja. Barua hii nampa dereva wa basi la leo ili initangulie.

Nisalimie shemeji na shangazi. Mjomba Kinyozi mwambie anoe mkasi, kichwa changu kimekuwa kichaka. Mungu awatunze mpaka mnisikie nikigonga mlango.

Na mwanangu mwambie hivi: Jumatatu asiguse kamba za viatu. Anisubiri, nitamfungia mwenyewe, wala sina haraka.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kibao