Jina Juu ya Selotepu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina la shahidi: limehifadhiwa kwa sababu ya umri
Umri: miaka 17
Kazi: amemaliza shule, anasubiri matokeo
Makazi: vyumba viwili nyuma ya kibanda cha ushonaji, pamoja na mama yake
Mzazi aliyekuwepo: mama mzazi, fundi cherehani
Yahusu: kamera iliyotumika, iliyonunuliwa nzima ikafika nyumbani mbovu

Mimi ndiye niliyenunuliwa hiyo kamera. Nimeomba niandike mwenyewe badala ya kuhojiwa, na afande amekubali, kwa sababu nikiongea mbele ya watu sauti hunikatika katikati ya sentensi. Mama amekaa kushoto kwangu. Anatazama ukuta.

Studio ya picha iliyo mtaa wa pili kutoka kwetu ilikubali kunipokea nijifunze kazi, kwa sharti kwamba nije na kamera yangu, kamera ya maana, siyo simu. Mama akauza cherehani yake ya pili, ile ya umeme. Hakuniambia. Nilirudi nikakuta meza tupu, yeye anafagia vipande vya nyuzi pale ilipokuwa, akasema, "Haya, chagua vizuri. Nyingine ya kuuza sina."

Nilichagua kwa muda mrefu. Nilisoma kila nilichokipata, kwa lugha zote mbili tulizofundishiwa shuleni, mpaka nikawa naota namba za modeli. Wengi waliandika kwamba mwenye pesa kidogo asikimbilie kamera mpya ya bei rahisi. Achukue ya zamani iliyo nzima, na kinachobaki akiweke kwenye lenzi moja nzuri. Nikaamua hivyo. Nilitaka ile nyeusi nzito, yenye lenzi fupi isiyovuta, kwa sababu lenzi ya namna hiyo inapokea mwanga mwingi na inapiga ndani ya chumba chenye giza bila kumulika mtu usoni. Kwetu kuna giza. Nilitaka kumpiga mama picha akishona.

Mjomba, yaani mdogo wake mama, alicheka hadi akashika mbavu. Yeye ni dalali wa vitu vilivyotumika, hakuna asichokijua bei. Akasema, "Mpwa wangu, unanunua kamera au unarithi? Hiyo ni rika lako! Chukua yenye lenzi ndefu, mtu akiwa ng'ambo ya barabara unamhesabu meno."

Nikamwambia sina haja na meno ya watu wa ng'ambo.

"Dada! Dada, njoo usikie, bubu wako kajibu!"

Tulicheka wote, mama pia. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Tangu utotoni mjomba ndiye aliyekuwa akinisemea, kwa walimu, hospitali, dukani. Mimi nanong'ona, yeye anatangaza.

Jumamosi ya tarehe saba mwezi huu, asubuhi, mimi na mjomba tulikwenda kwenye duka la kamera lililo juu ya duka la viatu. Mwenye duka ndiye aliye mahabusu sasa. Sikumpenda. Nilipoomba kuona ile kamera alisema, "Binti, ongeza sauti, mimi sisomi midomo." Mjomba akamwambia, "Ana aibu huyu, ongea na mimi." Yule akauliza, "Kwani kamera ni yako au yake?" Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Lakini aliniachia niikague nitakavyo, wala hakunikimbiza. Nilimulika lenzi kwa tochi ya simu nikitafuta ukungu ndani, sikuuona. Nilipiga ukuta mweupe kuona kama kuna madoa, nikakuta moja tu, pembeni. Kisha nilimpiga mjomba akiwa amekaa dirishani, nusu ya uso wake iko kwenye mwanga, anapiga miayo. Hiyo ndiyo picha nzuri ya kwanza niliyowahi kupiga maishani mwangu. Nilitumia kadi yangu mwenyewe, na nimeikabidhi kwa afande. Picha zile zinaonyesha kwamba kamera niliyoishika dukani ilikuwa inafanya kazi.

Mjomba alipatana bei. Mwenye duka akaitia kamera kwenye boksi nikiona kwa macho yangu, akazungushia selotepu ya kahawia, akanipa maka peni. Ana utaratibu wake pale: mnunuzi huandika jina lake juu ya selotepu, likianzia kwenye boksi na kuishia kwenye selotepu, ili kesho asije akaletewa kamera nyingine akaambiwa ndiyo aliyouza. Nikaandika. Jina langu huliandika dogo sana, herufi zimebanana. Akainama kulitazama. "Hili ni jina au siafu?" Mjomba akacheka. Nikashuka ngazi nikiapa kwamba sitakanyaga pale tena.

Nje, mjomba aliniomba boksi. Alisema anapita kwa rafiki yake muuza mikoba, anitafutie mkoba wa kamera uwe zawadi yake kwangu, mimi nitangulie nyumbani. Nikampa. Alikuja jioni na boksi na mkoba. Mkoba ni mzuri kweli, una vyumba vya ndani na kamba pana isiyochoma bega.

Jina juu ya selotepu lilikuwa langu. Ila lilikuwa kubwa, herufi zimesimama wima, kama la mtu ambaye hamwogopi yeyote. Niliona kabla mama hajakata. Nikajiambia labda leo nimeandika kubwa kwa furaha. Nilijidanganya hivyo kwa muda ule mkasi ulipokuwa unapita.

Kamera iliyotoka ilikuwa ya aina ileile, nyeusi, nzito vilevile. Haikuwaka. Tukaichaji betri, haikuwaka. Nilipomulika lenzi, ndani kulikuwa na ukungu umetanda kama utando wa buibui. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Ndiyo uliyoichagua?"

Mjomba ndiye aliyejibu, na alipandwa na hasira kuliko sisi wote. "Wametuuzia takataka! Ameibadilisha chini ya kaunta, mwizi yule!"

Jumatatu mama na mjomba walileta malalamiko hapa kituoni, mwenye duka akakamatwa. Niliitwa nikatambue boksi. Mwenye duka alipoliona alisema, "Huu siyo mwandiko wa yule binti. Yule aliandika kama siafu." Mjomba akamkatiza: "Sasa unasingizia mwandiko wa mtoto? Si wewe mwenyewe ulisema boksi likiwa na jina la mnunuzi halijafunguliwa?" Afande wa zamu akanigeukia, akauliza kama lile ni jina langu.

Nikatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jina langu. Mwenye duka alinitazama, hakunitukana. Nikaangalia viatu vyangu. Wakamrudisha ndani.

Jioni ile nilimfuata mjomba bombani alipokuwa ananawa. Nikamuuliza, "Mjomba, lile jina uliandika wewe?"

Hakukana. Alijifuta mikono, akaniwekea mmoja begani. "Mpwa wangu, nilibanwa. Ile nzima imeshapata mtu. Nikikaa sawa nakununulia nyingine, mpya kabisa, ya lenzi ndefu."

Nikamwambia yule mzee wa duka amelala kwenye sakafu ya saruji.

"Atatoka. Mtu mwenye duka hakosi mtu wa kumtoa." Kisha akaongeza, bila ukali wowote, kama anayenitania: "Halafu wewe utamwambia nani? Mbele ya watu watatu huwezi hata kuagiza chai."

Ni kweli siwezi. Ndiyo maana naandika.

Jana nilijaribu kumwambia mama. Alikuwa anatengeneza pindo la gauni la mteja, pini mdomoni. Nikasema, "Mama, mjomba..." Akatoa pini moja, akaichomeka kwenye kitambaa, akasema, "Mjomba wako ndiye baba uliyemjua. Usiniletee maneno." Akaendelea na pindo. Nililiona lile pindo baadaye. Lilikuwa limekwenda upande, na mama hajawahi kupindisha pindo.

Kwa hiyo nasema hapa. Jina lililo kwenye boksi mlilonalo sikuliandika mimi. Mkitaka kulinganisha, linganisheni na ukurasa huu. Mwenye duka aliniuzia kamera nzima. Alinidhihaki, lakini hakuniibia. Aliyeniibia hakuwahi kunidhihaki mbele za watu hata siku moja, alikuwa akinitetea, na sijui nifanye nini na jambo hilo. Ile kamera nzima sijui iko kwa nani. Studio wameshachukua mtu mwingine.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sikulazimishwa wala kuahidiwa kitu. Nikihitajika mahakamani nitakuja. Kama itabidi niongee, nitajikaza.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA

Shahidi ameandika mbele yangu kwa mkono wake mwenyewe. Mwandiko wake ni mdogo mno, na haufanani na wa kwenye boksi. Nimeshauri mwenye duka apewe dhamana leo hii, na mjomba wa shahidi, yule dalali, atafutwe.

Nilimsomea mama wa shahidi maelezo yote. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza kama ukurasa unaweza kuchanwa, nikamjibu hapana. Alikataa kutia sahihi yake kama mzazi, akachukua pochi yake, akatoka bila kuaga.

Shahidi amebaki kwenye benchi la mapokezi. Giza linaingia na siwezi kumwachia aende peke yake. Nilimuuliza ni nani huwa anakuja kumchukua akichelewa.

Alijibu, "Mjomba."