Ua la Unga Mlangoni Kwako

Mpendwa Bibi Jamna,

Diwali imepita, na nyumba yako ya Iringa ilikuwa na rangoli, lile pambo lenu la unga, mlangoni. Nimeichora mimi. Nakuambia mapema, maana najua ungeniuliza hilo kabla hata ya salamu.

Unakumbuka mwaka uliponituma unga wa mchele, nami, binti wa mpishi wako, Mhehe nisiyejua unga mwingine, nikakuletea sembe? Macho yalishaanza kukuchosha, ukachora nayo ua zima la kumkaribisha mungu wenu Lakshmi aingie na heri zake. Tulipotoka kunywa chai barazani, kuku wa jirani walikuwa wameshamaliza nusu. Mama alitaka kunichapa. Wewe ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa sari.

"Mwache, Mama Neema," ulisema. "Leo Lakshmi kakaribishwa ugali."

Halafu ukanishika mkono, ukanionyesha kuubana unga kati ya kidole gumba na cha shahada, uanguke mwembamba kama uzi. Nukta kwanza, mistari baadaye. Nilikuwa mzito. Maua yangu ya miaka ile yalifanana na kabichi, nawe uliyaacha palepale, wageni wayaone.

Mwaka huu, wa kwanza bila wewe, mjukuu wako Hetal alinipigia simu nikiwa Ilula kwenye meza yangu ya nyanya. "Shangazi, njoo tusherehekee." Nikamkuta na rangoli ya plastiki, ya kubandika sakafuni kama stika.

"Hakuna anayejua kuchora tena humu ndani," alisema, macho chini. "Nisipoweka hii, mlango wa Bibi utabaki mtupu."

Nikasema, "Mimi najua," kabla sijafikiri. Bibi, miaka ishirini sijaushika unga ule. Nilipopiga magoti, yalilia kuliko bawaba za mlango wako. Nukta za kwanza zikaenda upande kama zimelewa. Hetal alisimama nyuma yangu na plastiki yake mkononi, tayari kuniokoa na aibu. Petali ya tatu ikatoka nene.

"Shangazi, hiyo mbona imeshiba?"

"Hiyo ya Kihehe."

Akacheka, nami woga ukanitoka. Mkono ukashika njia yake, petali zote nane zikakutana katikati. Tukajaza manjano, kisha nyekundu, na Hetal akaisahau plastiki kwenye kiti.

Jioni alikuja yule shoga yako wa mtaa wa pili, anayetembea na mkongojo sasa. Alifika mlangoni asivuke. Akainama, akatazama muda mrefu.

"Huu mkono wa Jamna," alisema. "Nani kachora?"

Unanijua, nikisifiwa husingizia bahati. Safari hii nilijipangusa unga kwenye khanga, nikanyoosha mgongo, nikamjibu, "Ni mimi. Alinifundisha mwenyewe."

Pumzika, Bibi. Mlango wako una mtu.

Binti yako wa uani,
Neema