Mpangaji Wangu Ananiletea Dagaa, Kodi Haleti

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi maana hapo nitakuwa nimeshaharibu. Mimi ni mjane, nina vyumba vinne vya kupangisha hapa Busia upande wa Uganda, na kodi yake ndiyo inayoninunulia dawa ya presha, sasa kuna mpangaji wangu Daphine, anauza dagaa ng'ambo Kenya, huu ni mwezi wa tatu hajalipa, lakini kila mwisho wa mwezi ananiletea bakuli la dagaa, anapiga magoti, "Mama, hii kidogo tu ya kuonja," nami napokea, na kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, basi namjazia karanga, anashukuru anaondoka, mimi nabaki nimemeza maneno yangu, dawa nayo siku hizi nameza leo naruka kesho, na shemeji yangu Ojiambo amesema Jumamosi anakuja kung'oa mlango wa kile chumba ili Daphine ahame mwenyewe, nami nimekubali, lakini binti huyo ana mtoto mchanga na moyo unaniuma. Nifanye nini?

Proscovia, Busia

Proscovia dada yangu, pole kwa presha, ila nitakugombeza. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia Daphine, "Nataka kodi yangu." Sijapaona. Miezi mitatu unamjazia karanga, yaani mwenye nyumba ndiye anayelipa!

Ojiambo abaki kwake na nyundo yake. Kung'oa mlango wa mtu anayeishi ndani sheria haikubali, na mtoto akishikwa na nimonia utajilaumu wewe. Mpangaji mkaidi hupewa notisi, kisha mahakama. Wewe hujafika huko.

Muuza dagaa hashiki pesa ya mwezi, anashika ya siku ya soko. Basi mdai kila baada ya soko, kodi ya wiki na kipande cha deni. Andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kila akilipa mpe risiti. Akiruka wiki mbili, notisi, bila matusi. Dagaa akileta pokea, ni heshima yake, lakini si kodi. Na karanga zilizobaki ziuze ununue dawa, uimeze kila siku!

Ila kwanza nenda kwake leo, ukae, umtajie deni lote. Mdaiwa mkorofi angekukwepa. Huyu anakuja mwenyewe kila mwisho wa mwezi na kukupigia magoti. Deni analijua, aibu anayo kama wewe. Anza wewe.