Gari Lisiloharibika

Tarehe 9 Februari

Mkwe wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na huo mgongo wako umetulia. Fundi analala chini ya magari ya watu kutwa nzima, halafu anashangaa mgongo unauma. Mimi sijambo, isipokuwa masikio, ambayo yalishaniaga zamani, ndiyo maana naandika sipigi simu. Juzi jirani alinipigia, nikasikia upepo mtupu. Nikamjibu "asante, na wewe pia," nikakata. Kumbe alikuwa ananiambia amefiwa.

Sasa sikia. Pikapu limekufa, na safari hii si kile kikohozi chake cha siku zote. Taratibu, dereva wetu, bado anaendesha kama amebeba mayai, kwa hiyo usimlaumu. Alikuwa anapeleka miche ya michungwa mia mbili na hamsini kwa mteja. Kufika mlimani likalia, likatoa moshi, likanyamaza. Fundi wa hapa kafungua boneti, kachungulia, kaifunga. Kaniambia "pole, mama," kama mtu aliyetoka chumba cha mgonjwa.

Kila mtu ananiambia ninunue jipya. Wewe ndiye fundi, niambie lipi na niangalie nini. Miche imejaa kitaluni, mizizi imeanza kutoboa viriba vya nailoni, na mvua imebakiza wiki sita tu. Ikinikuta sina gari, wateja wataenda kwa mwingine.

Nimehuzunika kuliko gari linavyostahili kuhuzunikiwa. Alilinunua mwanangu, mumeo, unajua. Na tangu afariki, hii miaka minne, ubovu wake ndio umetufanya tuandikiane. Likifa klachi nakuandikia, unanielekeza. Likifa rejeta nakuandikia tena. Sasa limetulia na mimi sijui nishike lipi.

Jitunze. Kula.

Mama mkwe wako


Tarehe 20 Februari

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, mgongo unauma siku za kazi tu, yaani kila siku. Pole sana kwa pikapu. Nililipenda hata mimi, ingawa lilinifundisha matusi.

Mama, usinunue kwa macho. Muuzaji anajua kung'arisha hata kaburi. Kabla hujaenda kwake, pita kwanza duka la vipuri uulize ni pikapu lipi ambalo vipuri vyake havikosekani, maana gari zuri lisilo na vipuri ni banda la kuku. Halafu springi. Watakusifia springi ngumu za kubebea saruji, lakini wewe hubebi saruji. Springi ngumu zitatikisa miche mpaka udongo upasuke ndani ya viriba na mizizi ibaki wazi. Mwambie muuzaji unataka kulijaribu na mzigo wako mwenyewe. Pakia viriba mia mbili, Taratibu alipitishe ile njia mbovu ya machimbo, mkirudi hesabuni vilivyopasuka. Vikizidi kumi, mrudishieni gari lake. Na angalia bodi lisiwe juu sana, nakujua, hutakaa pembeni watu wapakie peke yao.

Kama wanatoa dhamana ya kulitengeneza bure, chukua hilo. Nataka safari hii upate gari lisiloharibika, usipate tena sababu ya kuniandikia habari za klachi.

Nisalimie Taratibu. Mwambie gia ya nne ipo, ajaribu siku moja.

Mkweo


Tarehe 5 Machi

Mkwe wangu,

Salamu nyingi, u hali gani? Taratibu amesikia habari ya gia ya nne na amenuna.

Nimeangalia mawili. La kwanza ni jeupe, jipya kabisa, viti bado vina nailoni. Vipuri vipo kila duka. Tulipakia viriba mia mbili kama ulivyosema, tukapita njia ya machimbo, vikapasuka vitatu. Lakini nimelikataa. Ni kimya mno. Liliwashwa nikiwa nimeegemea mlango na sikujua kama limewaka. Gari gani hilo halimwambii mtu kitu.

La pili ni la bluu. Huyo muuzaji ana maneno kama redio. Anasema dhamana ya miaka mitatu, likipata hata mafua wanakuja wenyewe na mafundi wao kulitengeneza hapa hapa uani kwangu. Nikamwambia mimi nina fundi wangu. Akasema hutamhitaji tena, mama. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Unaonaje?

Mama mkwe wako


Tarehe 16 Machi

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikampa na mwenzangu wa gereji aisome, labda mimi ndiye sielewi. Hakuelewa pia.

Mama, viriba vitatu kati ya mia mbili ni ajabu. Hakuna pikapu litakalokubebea miche vizuri zaidi ya hilo jeupe. Na kimya cha injini ndiyo uzima wake, ukianza kuisikia ndipo uogope. Na hao wa dhamana, mtu akikuahidi hutahitaji fundi kwa miaka mitatu, hiyo ni sababu ya kulinunua, si ya kuchukua mkoba. Nenda kachukue jeupe kabla hajalichukua mwingine. Tafadhali.

Mvua inakuja, na mimi silali vizuri nikifikiria hiyo miche.

Mkweo


Tarehe 27 Machi

Mkwe wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na nina habari njema, nimepata langu. Ni kuukuu kidogo, la kijani, la mwashi mmoja anayestaafu. Nimemwambia nitalichukua wiki ijayo. Injini yake naisikia hata mimi. Linavuja oili, si sana, bakuli moja kwa siku. Gia ya pili inaruka. Mlango wa abiria umefungwa kwa waya, na likiwa moto haliwaki mpaka lipumzike. Breki mwashi anasema zinataka mtu anayezielewa.

Niandikie tuanze na lipi. Mimi naona oili, halafu mwezi wa tano tuingie kwenye gia, na breki tuziweke mwishoni mwa mwaka. Kuna kazi hapo ya kutuweka muda mrefu.

Mama mkwe wako


Tarehe 4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usilichukue hilo gari. Naandika hivi kwa heshima zote, lakini naandika nikiwa nimekasirika. Gari lisilo na breki litamuua Taratibu. Anaendesha polepole, ndiyo, lakini mlima haujui hilo.

Nimekufahamu miaka kumi na moja. Wewe hununui jembe lenye mpini uliolegea. Siku ya kwanza kuja kwako niliona ukimrudishia muuzaji ndoo kwa sababu ya ufa ambao yeye mwenyewe hakuuona. Leo unaniletea orodha ya magonjwa kama mtu aliyeokota dhahabu.

Kuna nini, Mama? Niambie ukweli. Kama ni macho, kama ni kichwa, kama unaumwa, nitapanda basi kesho.

Mkweo


Tarehe 15 Aprili

Mkwe wangu,

Siumwi. Kichwa changu kizima, usipande basi.

Nimemwambia mwashi abaki na gari lake. Taratibu amefurahi mno, nadhani alishaanza kuaga ndugu zake.

Umeniuliza ukweli, na mimi nimezunguka kitalu siku mbili nikitafuta uongo mzuri, nimekosa. Ukweli ni huu. Mwanangu hayupo. Hamkujaliwa mtoto. Mimi na wewe hatuna damu, hatuna mtaa mmoja, hatuna kitu isipokuwa lile bovu. Nikakaa nikahesabu, tangu msiba umeniandikia barua thelathini na moja, na kila moja ina neno la gari ndani yake. Hakuna hata moja uliyoandika bila kwanza kitu kuharibika. Ndipo nikapata barua yako, unataka nipate gari lisiloharibika, nisipate tena sababu ya kukuandikia. Najua hukuwa na nia mbaya. Lakini niliikunja nikakaa nayo kwenye stoo ya mbolea, nikalia.

Lile jeupe ni zuri mno, mwanangu. Ndilo kosa lake. Nikilinunua, utaniandikia kwa lipi?

Haya, nimesema. Mvua imeanza tangu Jumapili. Wateja wawili wameshakwenda kwingine. Usinicheke.

Mama mkwe wako


Tarehe 26 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Sikukucheka. Nilisomea barua yako chini ya lori la mtu, na sikutoka huko mpaka macho yalipokauka. Mwenye lori alidhani nimegundua jambo baya sana.

Na mimi nikuambie wangu. Kila ulipoandika kwamba limeharibika, nilifurahi. Nilijua klachi ile ingeweza kubadilishwa mara moja ikaisha, lakini nilikuelekeza kuirekebisha kidogo kidogo, ili uniandikie tena. Fundi mzima. Sikujua mtu anamwandikiaje mama wa mume aliyekufa, anaanzia wapi. Lakini habari za gari unaanzia popote.

Kuna jingine, na hili ndilo limenifanya niwe mwepesi wa kukuhimiza ununue jipya. Kuna mtu. Ni mwokaji mikate, tanuri lake liko mtaa wa nyuma ya gereji, mpole, ana unga mpaka kwenye nyusi. Mwaka jana nililitengeneza gari lake la kusambazia mikate. Anataka kunioa. Nimemwambia sitamjibu kabla sijakuandikia wewe, naye amesema sawa, atasubiri. Nimeichana barua hii mara nyingi. Niliogopa kwamba ukishajua, sitakuwa mkweo tena, na kwamba utakuwa na haki.

Nunua jeupe, Mama, kama bado lipo. Na hilo jingine uniambie unavyoona. Nitalipokea lolote.

Mimi


Tarehe 8 Juni

Mama, shikamoo.

Wiki ya sita leo sijapata jibu lako. Taratibu nilimpigia, akasema u mzima, unakula, na ulimkataza kuniambia zaidi ya hapo.

Kama nimekuumiza, nisamehe. Mwokaji hajaniuliza tena. Analeta mkate asubuhi, anauweka juu ya boksi la spana, anaondoka.

Nasubiri.

Mimi


Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba zote mbili, nilikuwa na deni la moja. Nisamehe wewe kwanza.

Niliandika barua nne. Ya kwanza ilikuwa na hasira, nikaichoma. Ya pili nilikupa baraka ambazo sikuwa nazo moyoni, nayo nikaichoma, maana wewe ungejua. Ya tatu ilikuwa ya kumwandikia mwanangu, nikamweleza, nikamuuliza yeye. Hiyo sikuichoma, ninayo. Hii ndiyo ya nne.

Nililia kwa ajili yake, nisikufiche. Niliona kama wewe ukiolewa, yeye atakufa mara ya pili, na safari hii nitabaki mimi tu wa kumkumbuka. Halafu wiki iliyopita nilikuwa benchi, nabebesha miche. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini. Unachukua kikonyo cha mti huu, unakifunga kwenye shina la mti ule, unasubiri. Kikishashika kimeshika. Hata shina lake la kwanza ulikate huko kilikotoka, hakikauki tena, kina maji yake hapa. Nikaiweka chini kamba nikamwambia Taratibu, huyu ameshashika bwana, mimi naogopa nini? Akasema hajui ninaongelea nini, lakini anakubali.

Olewa, mwanangu. Mwanangu hakukuoa ili ukauke. Huyo mtu aliyekaa kimya mpaka mimi nijibu ana adabu, hata kama ana unga kwenye nyusi. Mlete. Nitamweka chini kwenye mwanga nimtazame vizuri, na asije na viatu vizuri, maana atapakia miche. Ila nina swali moja, na unijibu bila kuzunguka. Huyo mama yake anajua kuandika? Nauliza tu.

Jeupe nimelinunua. Lilikuwa bado lipo. Kumbe nalo lina dhamana, nimeichukua. Wateja wawili mmoja amerudi.

Mama


Tarehe 2 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, wewe na mwokaji wako, na mama yake pia, ambaye nimekiri kwa Taratibu kwamba ni mwanamke mwema na mwandiko wake ni mbaya. Mimi sijambo kabisa.

Gari halijaharibika. Halijavuja, halijakohoa, halijagoma hata asubuhi ya baridi. Juzi Taratibu aliingiza gia ya nne, akashuka akanitafuta uani kunieleza. Wale mafundi wa dhamana walipita, wakakosa cha kufanya, wakaondoka na miche miwili ya michungwa.

Kwa hiyo sina shida na sina swali. Hakuna kilichokatika. Nimemaliza kumwagilia, mikono ina udongo kama unavyoona kwenye karatasi, na leo ni Jumanne, nikaona nikuandikie.

Usihangaike kunijibu haraka. Lakini nijibu.

Mama