Bibi Alipoingia Darasani Kwetu

Ijumaa. Mawingu tangu asubuhi, mvua haikunyesha. Nina aibu.

Wiki iliyopita tulijadili darasani jinsi vijana walivyofundishwa zamani kuhusu mwili na ndoa. Wenzangu waliwacheka makungwi, wale wanawake wanaowafunda wasichana unyagoni. Wakasema wanafundisha uchafu. Na mimi nikacheka. Nikasema, "Kwetu hakuna mambo hayo."

Bibi yangu wa Msimbati ni kungwi.

Nilijua anakuja Mtwara leo kututembelea. Sikujua mwalimu wa historia alikuwa amemwalika azungumze nasi kwanza. Aliingia na kanga yake mpya, akaketi mbele. Mwanaidi, ninayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Mbona mmefanana pua?"

"Wamakonde tuko wengi," nikamjibu.

Nilisubiri Bibi aseme jambo la kuniumbua. Akasema wao walipovunja ungo waliwekwa ndani, wakafundishwa kumvumilia mume kwa kila kitu, na posa zikaja kabla hawajajua wanataka nini. Naye akawafunda wengine hivyo hivyo, miaka mingi.

"Siku hizi nawaambia, mwili wako ni wako. Anayekuharakisha uache shule hakutakii mema. Nimechelewa kuyasema haya, wajukuu zangu."

Hakuna aliyecheka.

Mwalimu akamuuliza kama ana ndugu yeyote hapa shuleni. Bibi akanitazama. Nikainamia daftari.

"Wote hawa wajukuu zangu," akasema.

Alijua. Alinificha kwa sababu nilitaka kufichwa.

Tangu nikiwa mdogo Bibi huniita mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu. Hata kwenye simu: "Mke mwenza, mume wetu babu yako anakusalimu." Leo niliporudi nyumbani nilimkuta jikoni na Mama. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, Somoe."

Somoe. Jina langu la shuleni, kama anayemwita mtoto wa jirani.

Yeye amesimama mbele ya watu wasiomjua akakiri kwamba alikosea. Mimi nimeshindwa kusema maneno mawili tu: "Bibi yangu."

Jumatatu nitanyoosha mkono, niwaambie yule kungwi ni mama yake mama yangu. Mwanaidi acheke akitaka.

Lakini Jumatatu ni mbali, na Bibi yuko hapo jikoni, anakuna nazi. Naiweka chini simu hii ninayoandikia, nikamwombe radhi.

Sijui kama ataniita mke mwenza tena. Natamani aniite leo.